Ngumi, Mateke na Njia ya Kurudi Nyumbani

Tangazo limebandikwa kwenye kumbi nyingi za mazoezi za Dar es Salaam, rangi tofauti, maneno yaleyale: punguza mwili, jifunze kujilinda. Hapo kuna ahadi mbili. Ya kwanza inapimika kwa mizani na saa ya mkononi. Ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu anayeiamini ataifuata siku ambayo hana muda wa kufikiri. Hiyo ndiyo iliyonifanya nizikutanishe hapa sauti tano ambazo kwa kawaida kila moja huzungumza kivyake: mwalimu wa ngumi na mateke aliyewahi kupanda ulingoni, muuguzi wa idara ya dharura, mama anayeuza vitenge Kariakoo ambaye ni mwanafunzi wa darasa hilo, mzee mstaafu ambaye mjukuu wake anataka kujiunga, na wakili. Majina hayana kazi hapa. Kila mmoja anasimama na anachokijua.

MWALIMU: Tuanze na mwili, maana huko hatutagombana. Raundi yetu ni dakika tatu, kisha dakika moja ya kupumzika. Mgeni akiingia anaona dakika tatu ni kitu kidogo. Nampa mfuko, namwambia asisimame. Dakika ya kwanza anacheka na wenzake. Ya pili mdomo umeshaachama. Ya tatu mikono inashuka yenyewe, namwambia, "Mikono usoni!" Ananisikia vizuri, lakini mabega yamegoma. Miezi mitatu baadaye mtu huyohuyo anamaliza raundi tano huku anapiga soga. Hakuna dawa niliyompa.

MUUGUZI: Hapo nakuunga mkono, mwalimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au yale ya kutoa jasho hasa kwa dakika 75 hadi 150. Madarasa yako mawili ya saa moja yanaingia humo. Na kwa wanawake ninaowahudumia kuna jingine: ukumbi una mlango. Nikimwambia mama mwenye presha akimbie barabarani, ananijibu kwamba watu watamkodolea macho. Ndani hakuna wa kumshangaa, kila mtu anahema.

Ila tusimdanganye anayeanza. Jedwali ambalo wataalamu wa mazoezi hulitumia, toleo la 2011, linasema anayepiga ngumi na mateke kwa kasi ya kawaida hutumia nguvu mara 10.3 ya anayotumia akiwa ameketi tu, juu kidogo ya anayekimbia karibu kilomita 10 kwa saa. Anayejifunza taratibu hutumia mara 5.3. Kwa hiyo wiki za mwanzo unanunua ufundi. Jasho lenyewe linakuja baadaye.

MAMA: Mimi sijui hayo mahesabu. Najua stoo yangu iko ghorofa ya nne, na jora la kitenge begani lilikuwa linanipumzisha mara mbili njiani. Sasa napanda moja kwa moja.

MZEE: Hilo sina neno nalo, mwanangu. Hata kucheza ngoma kunatoa jasho. Mimi nataka kusikia habari za hayo mateke.

Nikamwomba mwalimu aeleze teke moja tu, polepole, kama anavyomweleza mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akachagua teke la mzunguko, akasimama kabisa ili tuone.

MWALIMU: Watu wote wanaangalia mguu unaopiga. Mimi naangalia mguu uliobaki chini. Unasimama mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, magoti yamelegea, mikono juu. Kabla ya mguu wa nyuma kuondoka, unyayo wa mbele unazunguka hadi kisigino kinamwelekea yule unayempiga. Usipokizungusha, kiuno hakifunguki, na nguvu zote zinaishia kwenye goti lako mwenyewe. Kisha nyonga inatangulia, paja linafuata, ugoko unakuja mwisho. Unapiga kwa ugoko, hapa, chini ya goti. Mgeni anapenda kupiga kwa mgongo wa mguu kwa sababu ndivyo alivyozoea mpira, na vidole vinamwambia ukweli jioni yake. Mkono wa upande uleule unashuka nyuma kukuweka sawa, mwingine unabaki shavuni. Hayo yote ni sekunde moja.

MUUGUZI: Sekunde moja, juu ya sakafu ya mpira, miguu mitupu, suruali ya mazoezi. Mama, wewe unafunga duka saa ngapi?

MAMA: Saa mbili usiku, mara nyingine saa tatu.

MUUGUZI: Umevaa nini?

MAMA: Gauni au sketi, na kandambili au viatu vya wazi. Mkoba huku, mfuko wa chakula cha watoto huku. (Anacheka.) Najua unakokwenda, dada. Teke la mzunguko ndani ya daladala ya Mbagala utampiga kondakta.

Hapa ndipo mjadala wenyewe ulipoanza. Mchezo huu haukuzaliwa barabarani, na historia yake inasaidia kuuona vizuri. Mwaka 1963 makarateka wa Japani walikwenda Bangkok kupambana na mabondia wa Kithai ulingoni. Nyuma ya safari ile alikuwapo Osamu Noguchi, promota wa ngumi wa Japani, naye ndiye aliyeupa jina mchezo mpya uliotokana na mchanganyiko huo katika miaka ya 1960. Marekani nayo ikapata karate ya kupigana kwelikweli katika miaka ya 1970. Shirikisho la dunia, WAKO, liliundwa mwaka 1976, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi mwaka 2021. Kwetu tumewaona akina Japhet Kaseba, aliyevuma kwa ngumi na mateke kabla ya kuzama kwenye masumbwi, na Uganda wana Moses Golola, ambaye majigambo yake yalikuwa nusu ya burudani. Wote hao walipigana mbele ya refa, na mtu wa uzito wao, aliyekubali kupigana.

Kisha likaja tawi la tatu, nalo ndilo lililozaa madarasa mengi ya leo. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Billy Blanks aliuza kanda za video za Tae Bo: ngumi na mateke kwa mdundo wa muziki, hewani, sebuleni. Mpinzani akaondolewa kabisa. Kwa afya, hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani ilimwingiza mazoezini mtu ambaye asingekubali kamwe kupigwa. Kwa kujilinda, kilichoondolewa ndicho hasa kinachohitajika, yaani mtu mwingine asiyefanya unavyotaka.

MWALIMU: Umelisema ninalowaambia kila siku! Kuna kumbi hapa mjini wanapiga hewa saa nzima, muziki juu, halafu wanaandika nje "kujilinda". Mfuko haukujibu. Hewa ndiyo kabisa. Kwangu wanafunzi wanashikiana padi, na anayeshika padi naye ana ruhusa ya kukugusa kichwani ukishusha mikono. Mara ya kwanza mtu anaganda, macho yanatoka, wengine machozi yanawalenga, hasa akina mama. Si maumivu yale, ni mshtuko. Baada ya wiki kadhaa anaguswa na anaendelea kufikiri. Hicho ndicho ninachokiuza: akili isiyozimika ukiguswa ghafla.

WAKILI: Na ukikabwa kwa nyuma? Vibaka wa mji huu hawaji wamekunja ngumi mbele yako. Wanakupiga roba, mmoja anakukaba, mwingine anakusachi. Na wale vijana waliokuwa wakiitwa Panya Road walitembea kundi, na mapanga.

MWALIMU: Panga, toa simu. Kundi, toa simu. Hilo nalisema siku ya kwanza, na anayebisha namrudishia hela yake. Roba, kwanza unashusha kidevu na kuvuta mkono wake upumue, halafu mengine. Lakini nakiri darasa la kawaida halifiki huko mapema.

MZEE: Sasa hilo ndilo ninalolihofia mimi. Ujana wangu tulijifunza mateke kwenye mabanda ya video. Van Damme akicheza filamu yake ile ya 1989, kesho yake mtaa mzima una vijana wanaochechemea. Tulijiona wakali, na kwa sababu tulijiona wakali, tukawa tunabaki mahali ambapo mwenye akili angeondoka. Mjukuu wangu ana miaka 15. Leo akiona kundi la wavulana gizani anapita njia nyingine. Sitaki mwalimu amfundishe kupita katikati yao.

MAMA: Mzee wangu, nikuambie kilichonitokea mimi? Nilikuwa nimesimama kwenye daladala, imejaa, mtu nyuma yangu mkono wake ukawa hauelewi mipaka. Zamani ningesogea, ningejibana, ningeshuka kituo kisicho changu. Siku ile nilijikuta nimegeuka, nimesimama vile tunavyosimama darasani, nikasema kwa sauti ile ya kuhesabu mapigo: "Toa mkono wako!" Gari zima likanyamaza. Kondakta akamwambia ashuke. Sikumpiga mtu, ngumi yangu sikuikunja hata kidogo.

MZEE: Sauti ile umeipata darasani?

MAMA: Wapi kwingine? Nimelelewa kunyamaza. Darasani mwalimu anataka upige kelele kila unapopiga. Wiki ya kwanza niliona aibu kuliko maumivu.

Muuguzi alimshika mkono mama yule hapo, kisha akatoa hoja ambayo naiona ndiyo moyo wa suala zima.

MUUGUZI: Alichokisimulia mama ndicho kilichopimwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wasichana wa sekondari katika mitaa duni ya Nairobi. Walipewa saa 12 za mafunzo ya kujilinda kwa wiki sita, na baadaye wakarudiwa mara kadhaa kukumbushwa. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono ndani ya mwaka mmoja. Miezi 10 baadaye ilikuwa asilimia 9.2, na zaidi ya nusu walisema wametumia walichofundishwa kujinasua. Kanada nao, mwaka 2015, walichapisha matokeo ya wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu vitatu. Nao walitumia saa 12. Waliopata mafunzo, 5.2 kati ya 100 walibakwa ndani ya mwaka mmoja, wasiopata, 9.8.

WAKILI: Wa Nairobi walijibu wenyewe, dada. Mtu aliyefundishwa anaweza kujibu vile anavyodhani mwalimu anapenda.

MUUGUZI: Ni kweli. Ila katika ule wa Kanada angalau makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu. Lakini angalieni saa hizo 12 zilitumikaje. Wasichana wale hawakuwa mabondia. Kupiga na kujichomoa vilikuwamo, lakini muda mwingi ulikwenda kwenye kutambua mapema kwamba jambo limeanza kuharibika, kukataa kwa sauti bila kuomba radhi, kumkatiza mtu unayemfahamu na kumheshimu. Unayemfahamu, mwalimu. Hapo ndipo darasa lako linaponyamaza.

MWALIMU: Mimi nafundisha kupigana. Sikuahidi kufundisha ndoa.

MUUGUZI: Tangazo lako limeahidi kujilinda. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wakiwa na miaka 15. Ule wa 2022 ulionyesha idadi imeshuka, na tushukuru. Lakini ukiuliza walioolewa nani amewapiga, jibu la kwanza ni mume. Kibaka wa Kariakoo namwona wodini, sikatai. Ninaowaona zaidi wamepigwa sebuleni. Utamfundisha huyo teke gani? Akimpiga mumewe leo, kesho analala wapi, na watoto anawaacha na nani?

MAMA: Na wako darasani, dada. Wapo wanaoficha glavu chini ya mboga ili mume asijue. Mmoja aliulizwa kwake: "Unajifunza ili unipige mimi?" Hakurudi tena.

MZEE: Mume wa hivyo ana la kuficha.

MAMA: Au anaogopa tu, mzee. Lakini aliyebaki bila mazoezi ni mke.

Mimi nasimama na muuguzi katika hili. Sioni kosa la ufundi kwa mwalimu. Nadhani ufundi wake ni wa kweli, na laiti kila ukumbi ungekuwa na mtu wa aina yake. Kosa liko kwenye neno "kujilinda" linapotajwa bila kumtaja adui wa kweli. Mwanamke anayelipa ada, anayetoka jasho miezi sita, halafu akaganda mbele ya mjomba au bosi, atajilaumu kwamba hakujifunza vizuri. Aliyejifunza vizuri sana somo ambalo halikuwa lake hapaswi kubebeshwa lawama hiyo.

WAKILI: Niongeze la kwangu kabla hamjasahau. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kutetea mali. Lakini kifungu cha 18B kinaiwekea mpaka: nguvu ya kiasi, ile inayohitajika kwa utetezi huo. Kibaka akishaanguka na wewe ukaongeza teke la kichwa kwa sababu mwili umezoea kumalizia mapigo manne, lile la nne litakuwa na maelezo marefu mahakamani. Mwalimu, wafundishe kuacha.

MWALIMU: Nafundisha kuacha. Kengele ikilia mikono inashuka.

WAKILI: Barabarani hakuna kengele.

MUUGUZI: Wala hakuna glavu. Wanaokuja kwangu baada ya kupiga mtu ngumi kavu wamevunja mfupa wa kiganja ule wa upande wa kidole kidogo. Ni wengi mno. Darasani umemfunga bandeji ya mita kadhaa, ukamvika glavu nene, anapiga kwa nguvu zote na haumii. Mkono wake umejifunza uongo.

MWALIMU: Hilo nalipokea. Kwa kujilinda, kiganja kilichofunguliwa ni bora, na kiwiko ni bora zaidi. Na teke ni lile la kusukuma, la mbele, chini ya kitovu au kwenye goti, ili upate hatua mbili za kukimbia. Hilo hata mwenye gauni pana analiweza. Ila niwaulize nanyi: atakimbiaje asiye na pumzi? Mnaidharau ile raundi ya dakika tatu. Mama akisukuma mtu pale Gerezani, kinachomfikisha kwenye taa na watu ni mapafu. Hayo nimempa mimi.

MUUGUZI: Umempa, na sijayadharau. Mpe na haya: akishambuliwa kingono aende hospitali ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Asioge kwanza, nguo asifue. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3. Hayo hayahitaji dakika kumi kuyasema, na sijakutana na ukumbi wa mazoezi unaoyasema.

MZEE: Mimi bado nina swali la kichwa. Mjukuu wangu apigwe kichwani wakati bado yuko shule?

MWALIMU: Asipigwe. Mchezo wenyewe una mitindo mingi, mzee. Upo wa kuhesabu pointi, upo wa kugusa kidogo, upo wa kupigana kikamilifu. Mtoto hana sababu ya kufika huo wa mwisho. Akitaka afya, padi na mfuko vinatosha miaka yote.

MUUGUZI: Mwaka 2011 madaktari wa watoto wa Marekani na Kanada walitoa tamko la pamoja kupinga ngumi kwa watoto na vijana, kwa sababu hiyohiyo ya kichwa. Mzee, mwulize kila mwalimu swali hilo kabla hujatoa ada. Atakayecheka, mwondoe mtoto.

MZEE: Basi nikubali kwa masharti. Kichwa hakiguswi, na anafundishwa kuondoka kwanza. Sauti kama ya mama huyu naitaka. Tumewanyamazisha mno watoto wa kike, na mimi ni mmoja wa walionyamazisha wangu kwa kuona ni adabu.

WAKILI: Na tangazo, mwalimu? Utalibadilisha?

MWALIMU: Silibadilishi. Neno "kujilinda" ndilo linalowaleta. Nikiandika "mazoezi ya pumzi" nani atakuja?

MUUGUZI: Libakize, basi ulilipie deni lake. Nusu saa kila mwisho wa wiki, bila glavu. Sauti, kukataa, kujichomoa mkono, na wapi pa kwenda yakishatokea.

MWALIMU: Utakuja kuifundisha wewe?

MUUGUZI: Wiki nisiyo na zamu ya usiku nakuja. Lakini siku ya kwanza nataka wale vijana wako wa kiume ndio waketi mbele. Kule Nairobi waliliona hilo, wavulana wakawekewa mafunzo yao. Siwezi kuwafundisha akina mama kutambua mkono unaovuka mpaka, na wenye mikono wako chumba cha pili wanapiga mfuko.

MWALIMU: Vijana wangu wanakuja Alhamisi saa kumi na mbili jioni.

MAMA: Saa hiyo mimi bado niko dukani.

MUUGUZI: Alhamisi naanza na hao. Nyie akina mama, niambieni mnafunga mapema siku gani.

MAMA: Jumapili. Adhuhuri tumeshafunga.